Rinda Nguzo

Sijawahi kuiona penalti ya timu yangu kwa macho. Refa akishaonyesha lile doa, nilikuwa nageuka, naupa uwanja kisogo, naliangalia ziwa na kusubiri sauti za watu zinieleze. Kelele zikilipuka, tumepata. Zikikatika ghafla, tumekosa. Watu wa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inapotia nanga, walinizoea. Walikuwa wakiniona nimegeuka wanaambiana, "Haya, binti wa redio keshageuka, shikeni roho zenu."

Jina hilo la binti wa redio nitalieleza, maana ndilo lililonichongea. Kwanza timu.

Timu yetu ilikuwa ya wapagazi, wale wanaoshusha dagaa kutoka kwenye mitumbwi na kupandisha magunia kwenye malori. Hawakuwa na kocha. Jezi zao zilinuka dagaa hata zikitoka kufuliwa. Mashindano yalikuwa ya mtoano, ukifungwa umetoka. Mshindi alikuwa anapewa dume la ng'ombe, lakini sikumbuki mtu aliyemwota huyo ng'ombe. Tulichotaka ni kuiona timu ya mjini, yenye viatu vya kufanana na tajiri wa kuilisha, ikiondoka imeinamisha vichwa mbele ya watu wanaobeba magunia.

Mechi zilichezwa wakati wa mbalamwezi tu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazifuati taa za wavuvi, mitumbwi inabaki ufukweni, wapagazi wanakosa cha kubeba, wanacheza mpira. Mwezi ukipungua kila mtu anarudi kazini, na raundi inayofuata inasubiri mwezi mwingine ukue. Kwa wengine hiyo ilikuwa nafasi ya kupumzika. Kwangu ilikuwa mateso. Tulipoitoa timu ya Katonga nilifurahi jioni ile tu. Kesho yake nilianza kuogopa Ilagala, na nikaiogopa Ilagala giza zima la mwezi, nikiwa naanika dagaa, nikiwa nasonga ugali, nikiwa kanisani.

Mimi ni mtu wa kurudia vitu. Nikianika dagaa, mstari ukipinda nawazoa wote naanza upya. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye mwenye vichanja vya kuanikia, alikuwa akinitazama mpaka anachoka.

"Wewe mtoto, dagaa wanariwa. Hawapigwi picha."

"Naona wamekaa vibaya, mama."

"Wamekufa. Mtu akifa anakaa anavyokaa."

Wakati wa mashindano ugonjwa huo uliingia kwenye mpira. Siku ya mechi nilivaa kitenge kilekile cha siku tuliyoshinda mwanzo, na sikukifua, nikiogopa kuuondoa ushindi pamoja na uchafu. Nilikaa kwenye jiwe lilelile. Sikula mpaka filimbi ya mwisho. Neno fainali sikulitamka wala sikuruhusu mtu alitamke karibu yangu. Mpagazi mmoja alilisema kwa makusudi akinichokoza, nikambwagia ndoo ya maji ya dagaa. Walicheka wote. Mimi sikuwa nacheka. 

Sasa hilo la redio. Mimi sikuzaliwa Kigoma. Nililetwa mgongoni mwaka ambao watu wengi sana walivuka kutoka Burundi, na wazazi wangu wakabaki kwenye kambi ya wakimbizi. Mama mdogo alikuwa amekuja zamani, akaolewa na mtu wa Ujiji, akanichukua nikakae naye. Nilipoanza shule nilisimama darasani nikasema naenda kurara. Watoto walinicheka. Na walionicheka, wengi wao Waha, nyumbani kwao walikuwa wanarara vilevile, maana Kiha na Kirundi ni ndugu na ndimi zetu hazitofautishi el na ar. Lakini wao walikuwa na haki ya kukosea. Mimi sikuwa nayo.

Basi nikajifunza peke yangu. Nilikaa chini ya redio ya mume wa mama mdogo nikirudia maneno baada ya mtangazaji. Nilisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi, kwa sauti, nikilamba mafuta. Kula na kura. Kalamu na karamu. Mahali na mahari. Nilirudia mpaka taya likauma, na nikikosea moja naanza mwanzo wa ukurasa. Nilipomaliza darasa la saba hakuna mtu pale mwaloni aliyesema Kiswahili kama mimi. Nilidhani nimejijengea ukuta. Nilidhani hakuna atakayeniuliza tena nimetoka wapi.

Ndiyo maana nilimjua golikipa wetu kabla ya wengine wote.

Alikuwa kijana mrefu, mpagazi kama wenzake, mikono kaivalisha soksi nzito badala ya glavu. Alidaka mpira kama anavyopokea gunia, kwa kifua kwanza, kisha anaukumbatia. Na alikuwa haongei. Golikipa yeyote hupiga kelele kuwapanga mabeki. Wa kwetu alipiga mluzi kwa vidole viwili. Mluzi mmoja, kulia. Miwili, kushoto. Mrefu, kila mtu arudi nyuma. Mabeki walimwelewa kuliko wangemwelewa mtu wa maneno. Watu walisema ana kigugumizi, wengine wakasema ameapa. Mimi nikimwangalia nilijua. Mtu huyu anauficha ulimi wake. Mimi niliuficha wangu kwa kuunyoosha, yeye kwa kuufunga. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hilo. Nilikuwa namuuzia uji asubuhi, anaonyesha kikombe, namjazia, anatikisa kichwa. Basi.

Ilagala tuliwatoa kwa penalti. Golikipa alidaka ya mwisho, nami niliiona kwa kisogo. Ndipo ikaja nusu fainali, na wa kukutana nao walikuwa hao hao wa mjini.

Siku ile upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani, vumbi linaruka, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Tulitangulia kufunga mapema, jambo baya kuliko yote, kwa sababu mtu aliyetangulia ana kitu cha kupoteza. Nilibana magoti. Nilizihesabu nyuzi za kitenge. Kila mpira ulipovuka katikati nilianza kuhesabu upya. Nawaonea wivu watu wanaokwenda mpirani kufurahi. Sijui wanaupata wapi moyo huo.

Mwishoni kabisa wakapata kona. Golikipa akapiga mluzi. Kelele na upepo vikaumeza. Akapiga tena. Beki aliyetakiwa kusimama kwenye nguzo ya karibu alikuwa amesogea mbele, hasikii, na mpigaji alikuwa keshainua mkono. Golikipa akatoa vidole mdomoni akapiga kelele:

"Rinda! Rinda nguzo!"

Beki akarudi mbio kuilinda. Mpira ukaja palepale, kwenye nguzo, akautoa kwa goti. Filimbi ikalia. Tumeshinda.

Lakini upande wa mjini walikuwa wanacheka.

"Rinda la nani?" mmoja akaita. "La sketi ya mkeo?"

"Mshoneeni marinda huyo!"

Kisha kicheko kikageuka. Mtu mmoja, na mpaka leo ningemtambua kwa sauti, akasema, "Huyu siyo wa hapa. Huyu mamruki!" Wakaidaka wote, wakapiga makofi nayo: "Mam-ru-ki! Mam-ru-ki!"

Mamluki, kwenye mpira wetu, ni mchezaji asiye halali, mtu wa kuazima. Neno lina el katikati. Nilisimama juu ya jiwe langu, timu yangu imeingia hatua ile nisiyotaka kuitamka, na badala ya kushangilia nilikuwa nimekunja ngumi. Kundi zima lilikuwa linamshitaki mtu kwa ar yake, kwa neno ambalo wenyewe walikuwa wanaliharibu kwa ar ileile. Hakuna hata mmoja aliyesikia. Nilikuwa naangalia kushoto na kulia nikitafuta mtu mwenye masikio.

Wakakata rufaa. Kamati ya mashindano ilikaa katika banda la kupimia samaki, watu wamejaa mpaka nje, na mimi nimejibana mlangoni na mama mdogo. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye kofia, mtu wa kuheshimika, simsemi kwa ubaya zaidi ya ule alioufanya. Golikipa alisimamishwa mbele. Msemaji wa timu ya mjini akaeleza: wapagazi wamechezesha mkimbizi aliyetoka kambini bila kibali, timu iondolewe, au angalau golikipa asicheze mechi ya mwisho.

Mwenyekiti akamgeukia. "Kijana, unatoka mahari gani?"

Golikipa akafikiri. Akajibu taratibu, na kila neno lilitoka safi:

"Mahari bado sijatoa, mzee. Sijaoa."

Banda lililipuka. Wapagazi walishikana mabega kwa kicheko. Hata msemaji wa mjini alifunika mdomo. Sijui mpaka leo kama alifanya utani au alijibu alichosikia. Uso wake haukusema kitu.

"Nimesema mahari!" mzee akafoka, akigonga meza. "Siyo mahari, mahari!"

Ikawa mbaya zaidi, watu wakawa wanalia. Na mimi nilicheka pia, kisha nikaona shingo ya mzee imevimba, kicheko kikanikauka. Mtu aliyechekwa akiwa na kofia kichwani na meza mbele yake lazima amlipishe mtu.

"Basi," akasema kulipotulia. "Mambo ya mzaha yameisha. Nani anamjua huyu? Asimame mtu wa hapa, aseme namjua huyu kijana, ni wetu. Akipatikana, anacheza. Asipopatikana, hachezi, na serikari ipewe taarifa."

Wapagazi waliangalia chini. Siwalaumu. Nusu yao hawakutaka kuulizwa wao wenyewe wametoka wapi. Golikipa alikuwa anatazama mikono yake, bila soksi ilionekana midogo. Na mimi, mtu wa kuogopa, mtu wa kugeuka kisogo, nikajikuta naongea kabla sijajua kama nimesimama.

"Mimi namjua, mzee. Namuuzia uji kila asubuhi. Anafanya kazi hapa, analala hapa, na alilinda lango la Kibirizi kwa halali. Kama kosa lake ni matamshi, naomba kamati ijue kwamba neno mnalomwitia ni mamluki. Ma-mlu-ki. Wote mliomo humu ndani mmelikosea."

 Mama mdogo alinifinya ubavuni mpaka alama ikabaki. Kwa muda mfupi nilijisikia kama mtu aliyepiga penalti mwenyewe na kuangalia inakoenda.

Kisha msemaji wa mjini akatabasamu.

"Binti, maneno yako mazuri sana. Kiswahiri hicho umejifunza wapi?"

"Redioni."

"Redioni." Akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Sisi wa hapa urimi unatereza, tangu babu zetu. Hatuoni aibu, hakuna anayetufukuza. Mtu wa hapa atajifunza kuongea ya nini? Anayejifunza ni mgeni. Mwenyekiti, huyu shahidi naye aulizwe kwao wapi."

Nimeandika sentensi zake zote kama zilivyokuwa, kwa sababu nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia gazeti lolote. Miaka yote ile ya kukaza taya chini ya redio. Kila el niliyoiweka mahali pake. Ukuta wangu ulikuwa na bango juu yake linalosema mgeni yuko hapa ndani, na mimi ndiye niliyeliandika kwa mwandiko mzuri.

 Mama mdogo alinishika mkono akanivuta nje huku akisema kwa sauti, "Huyu ni mtoto wangu, ana kichwa kibovu, anasoma makaratasi ya maandazi!" Watu wakacheka, wakatupisha. Nyuma yetu nikamsikia mwenyekiti akitoa uamuzi. Ushindi ubaki. Golikipa hachezi.

Taarifa ilitolewa kweli. Haukupita muda, lori likaja mwaloni asubuhi, wakati watu wamejaa na dagaa wanashushwa. Maofisa wakaanza kuuliza mtu mmoja mmoja. Mama mdogo aliniona midomo yangu inaanza kujiandaa, na akaninong'oneza kitu ambacho hajawahi kuniambia kabla wala baada.

"Leo usiongee vizuri. Nyamaza kabisa."

Ofisa alipofika kwenye vichanja vyetu yeye ndiye aliyejibu, mikono kiunoni. "Mimi? Niurizwe mimi? Nimeorewa Ujiji kabra wewe hujazariwa! Mwangarie huyu! Uriza mtu yeyote hapa mwaroni!" Alimtukana mpaka ofisa akacheka, akasema, "Haya mama, samahani, endelea na dagaa zako." Akatupita. Mama mdogo alizaliwa ng'ambo, bonde moja na mama yangu. Hajawahi kujaribu kuficha neno lolote maishani mwake, na kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Golikipa walimpakia. Hakukimbia. Alipanda lori kwa ule utulivu wa kupokea gunia, akakaa pembeni. Lori lilipoanza kupanda mlima, alitia vidole mdomoni akapiga mluzi mmoja mrefu. Mabeki wetu walikuwa chini wamebeba mizigo. Wote watatu waliugeukia, kwa mazoea, kama watu walioambiwa warudi nyuma. Nilikaa chini kwenye mchanga katikati ya dagaa nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, naijua tofauti yake. Nilikuwa na hamu ya kuuma kitu.

Mwezi ukakua tena. Fainali. Nalitamka sasa, fainali, fainali, halina nguvu yoyote juu yangu. Wapinzani walikuwa timu ya wafanyabiashara wa Ujiji, watu ambao hawakutukosea lolote, na nilijaribu kuwachukia nikashindwa. Wa mjini walikuja kuangalia, wamekaa kivulini na msemaji wao. Mama mdogo alinikataza kwenda. Nilikwenda. Kitenge nilikuwa nimekifua. Nilikula ugali kabla ya mechi, nikashiba. Jiwe langu nilimwachia mwingine, nikasimama nyuma ya lango letu, karibu kabisa, mahali nilipokuwa sijawahi kusimama.

Langoni walimweka beki, yule wa goti. Alikuwa mzuri wa kuruka lakini hakujua kupanga watu. Alikuwa bubu wa kweli, bubu wa woga. Tulicheza vizuri. Nasema hivyo bila upendeleo, mimi ambaye sisamehe mstari wa dagaa. Tulistahili kufunga mara nyingi, mpira ukagoma. Woga ulikuwa palepale kama zamani, ila safari hii sikugeuka.

Kuelekea mwisho Ujiji wakapata kona. Nguzo ya karibu ilikuwa wazi. Niliiona. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, nyasi zake nazikumbuka. Mdomo wangu ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza sikupanga ulimi wangu uende wapi.

"Rinda!" nilipiga kelele. "Rinda nguzo!"

Kivulini kule wa mjini wakaangua kicheko. Mpagazi aliyekuwa kando yangu, yule niliyemwagia maji ya dagaa, alinitazama mara moja tu, akauelewa mdomo wangu, akatia sauti yake. "Rinda nguzo!" Wakaingia wanawake wa vichanja. Ukaingia upande wetu wote, watu ambao hakuna mmoja wao aliyesimama siku ile bandani, wakipiga kelele kwa ar zao zote, na beki wetu langoni akigeuza kichwa huku na huku asijue ni nani anayeambiwa.

Aliyejua kumweka mtu pale alikuwa kambini, nyuma ya kizuizi.

Mpira ulikuja chini, kwa kasi, ukaingia kati ya nguzo na mahali ambapo mtu alitakiwa awe. Niliuona wote, mpaka ulipotulia kwenye wavu wa kuvulia tulioutundika langoni. Tumefungwa. Wa mjini walikuwa wamesimama wakipiga makofi kama wao ndio walioshinda, na msemaji wao alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, amepata jibu la lile swali lake la kwetu wapi.

Sikugeuka. Nilimtazama hivyo hivyo, nikaendelea kupiga kelele zile zile mpaka sauti ikakatika, na mpira ulikuwa umeshawekwa katikati.